Cheo cha Liwali: Mazungumzo Yaliyosomwa Adu


Neno liwali latokana na Kiarabu, al-wali, yaani mtawala aliyewekwa. Aliyemweka alikuwa Sultani wa Unguja; baada ya mkataba wa 1895, wakawa Waingereza.

Kisheria cheo hiki hakikurithiwa. Lakini Salim bin Khalfan alikuwa Liwali wa Malindi, kisha wa Mombasa, na mwanawe, Ali bin Salim, naye akaja kuwa Liwali wa Mombasa. Ni vigumu kusema damu haikuhesabiwa! Wagiriama wa huku Adu, waliozoea hukumu ya wazee wa kambi, hawakuulizwa kamwe.

Oktoba 1963 Sultani aliiachia Kenya ukanda wake wa pwani. Mapatano yaliwahifadhia makadhi mahakama zao, uliwali ukakoma.