Sumaku Inayozima Tao la Umeme



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ukaguzi wa umeme serikalini. Nitaanzia maabara yetu.

Mnakumbuka mwalimu wetu wa fizikia alivyounganisha betri sita za magari, akapitisha mkondo kwenye waya wa jiko, kisha akagusanisha vijiti viwili vya kaboni na kuviachanisha kidogo. Likawaka tao la umeme, nasi tukalitazama kwa kioo cheusi cha kuchomelea vyuma. Aliposogeza sumaku, tao lilipinda, likarefuka, likazimika. Tulipiga makofi, tukasahau.

Hayo si mazingaombwe. Tao ni hewa yenye joto kali inayopitisha umeme, na kipitishacho umeme husukumwa na sumaku. Tao likirefuka hupoa, na huhitaji volti nyingi zaidi, zikikosekana, hufa. Elihu Thomson wa Marekani aliitumia njia hii kulinda mitambo tangu karne ya 19. Nikola Tesla naye aliweka sumaku kwenye mwanya wa cheche, ili kila cheche ikatike upesi na kuipisha inayofuata.

Umeme wa majumbani mwetu hupita sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo tao hupata nafasi ya kufa. Umeme wa betri na wa jua haupiti sifuri. Ndiyo maana swichi zake nyingi huwekewa sumaku.

Sasa naungama. Miaka michache iliyopita nilikagua mtambo wa jua katika jengo moja la umma. Niliona swichi mpya, nikatia sahihi. Sikutazama alama za chanya na hasi. Nyaya zilikuwa zimegeuzwa, na sumaku ile, badala ya kulisukuma tao kwenye vibati vya kulizimia, ikalirudisha ndani. Siku fundi alipoizima, swichi iliwaka. Alipona, lakini vidole vyake viwili havikunjiki tena.

Ndugu zangu, siku ile maabara mwalimu aliigeuza sumaku, tao likapinda upande wa pili. Nililiona kwa macho yangu, nikiwa kidato cha tatu.

Nimeleta sumaku na vijiti vya kaboni kwa ajili ya maabara. Naomba vijana waonyeshwe pande zote mbili.