Mpe Mkate Kabla ya Maswali



Leo nasema na wewe uliyekuja hapa Merikit huku moyo unadunda, na wewe ambaye bado unaogopa kurudi.

Kumbuka tulikotoka. Machi 2020 makanisa yalifungwa, Kenya na Uganda. Pale Malaba na Busia malori ya mizigo yalipita, sisi watu wa kawaida tukazuiwa. Kenya ilipofungua Julai, ni watu 100 tu kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Uganda iliruhusu watu 70 mwezi Septemba, halafu Juni 2021 ikafunga tena.

Muda wote huo mwili wako ulifundishwa kwamba kumkaribia mwenzako ni hatari. Somo kama hilo haliishi siku moja eti kwa sababu serikali imetangaza. Kwa hiyo ukitokwa jasho mlangoni mwa kanisa, usiseme imani imekwisha.

Eliya aliita moto ukashuka Karmeli, kisha akakimbilia nyikani peke yake, akalala chini ya mti akiomba kufa. Soma 1 Wafalme 19. Malaika alimletea mkate na maji mara mbili. Swali la "unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye, kule Horebu. Na Mungu hakumwacha pangoni. Alimrudisha kwa watu, akampa Elisha wa kutembea naye.

Basi, ndugu, anza kidogo. Kabla ya mkutano mkubwa, nenda maombi ya nyumbani yenye watu wanne au watano. Tafuta Elisha wako mmoja, mje pamoja. Kaa karibu na mlango. Ukichoka, toka nje upumue, urudi. Kama mkono ni mgumu kutoa, punga tu. Lakini wiki ijayo usiache kuja, maana hofu ukiikimbia kila mara inanenepa. Na kama hulali, huli, au unatamani kufa kama Eliya, mwambie mchungaji na uende kituo cha afya. Hiyo si dhambi.

Nanyi mliozoea viti vya mbele, msimpokee mtu kwa "ulipotelea wapi wewe?" Wala msimsimamishe mbele ya kanisa kama mgeni. Mpeni chai, mpeni nafasi akae. Ya kwake atayasema mwenyewe siku ikifika.

Mungu awabariki. Amina.