Damu Ikizidi: Mazungumzo ya Afya kwa Wakazi wa Fort Ternan



Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, habari ya damu huwa ni moja: imepungua. Mama mjamzito huambiwa damu yake iko tisa, hupewa vidonge vya madini ya chuma, na jirani huleta managu na maini. Kwa hiyo mwanamume akitoka maabara na kusema damu yake imefika 18, watu humpongeza. Hapo ndipo pa kusimama kidogo, hasa ikiwa mwanamume huyo anadungwa testosteroni, au ni kijana anayetumia steroidi za kutunisha misuli.

Wapo wanaopewa testosteroni na daktari kwa sababu mwili wao hautengenezi ya kutosha. Hao wana ugonjwa na wana dawa yake, na hakuna aibu yoyote. Wapo pia wanaoinunua kwa minong'ono, katika kichupa ambacho hakuna anayejua kimejazwa nini, na kwa kipimo alichotaja rafiki wa jimu. Mwili haujui tofauti ya hao wawili. Kwa wote, dawa huzichochea figo kutoa zaidi homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Pia huufungulia mwili akiba yake ya madini ya chuma. Chembe zinaongezeka, damu inakuwa nzito. Anayepika uji wa wimbi anaelewa: ukizidisha unga, uji hautiririki, unasukumwa. Moyo ndio unaosukuma.

Damu nzito inaweza kuganda ndani ya mshipa, na bonge likienda kwenye mapafu au ubongo, mtu hana muda mrefu. Tatizo ni kwamba kabla ya hapo wengi hawasikii kitu. Wengine hupata kichwa kuuma, kizunguzungu, macho kuona ukungu au uso kuiva, wakadhani ni jua la shambani.

Kipimo kinachotazamwa ni hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Kwa wanaume wengi huwa kati ya asilimia 40 na 50. Kliniki nyingi hukadiria kwa kuzidisha hemoglobini mara tatu, kwa hiyo ile 18 iliyopongezwa ni kama 54. Katika mwongozo wa 2018 wa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, 54 ndiyo nambari ya kusimamisha dawa. Mwongozo huohuo unasema mwanamume asianzishiwe testosteroni ikiwa tayari amepita 48, au 50 kwa anayeishi nyanda za juu, kwa kuwa hewa nyepesi ya milimani huongeza damu yenyewe. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Fort Ternan iko chini yake bondeni, lakini bado imepita mita 1,500. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kupuuza: 54 ya Londiani ni nzito sawa na 54 ya Kisumu.

Anayetumia dawa hii kwa ushauri wa daktari apimwe kabla ya kuanza, apimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka. Asiende maabara moja kwa moja kutoka mazoezini au kupakia miwa bila kunywa maji, kwa sababu ukavu wa mwili hupandisha nambari na kumtisha bure. Ikipita 54, daktari husimamisha dawa mpaka ishuke, hutafuta sababu nyingine kama sigara, ugonjwa wa mapafu, au kule kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini, kisha huanza tena kwa kipimo kidogo.

Kuna njia za mkato zinazopendwa. Ya kwanza ni kwenda kutoa damu ya msaada kila nafasi inapopatikana. Kutoa damu ni jambo jema, ila halizimi kinachoipandisha, na kukirudiwa ovyo humaliza madini ya chuma mwilini. Anayehitaji kupunguzwa damu hupunguzwa hospitalini, kwa hesabu ya daktari. Wengine hunywa aspirini kila siku bila kuuliza, na hao huweza kuishia na vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Wapo hata wanaoendelea na dawa za kuongeza damu kwa sababu wanasikia uchovu!

Kwa wakimbiaji, mambo ni mazito zaidi. Testosteroni imepigwa marufuku wakati wa mashindano na nje yake, na tangu sheria ya 2016 shirika la ADAK ndilo linalosimamia hayo nchini. Mwanariadha mwenye ugonjwa wa kweli huomba kibali cha matibabu kabla ya kudungwa. Rita Jeptoo, aliyeshinda marathoni za Boston na Chicago, alinaswa mwaka wa 2014 na erithropoietini yenyewe, dawa ya kuongeza chembe hizohizo. Na kijana asiyekimbia popote ajue hili pia: testosteroni ya kudungwa huzima utengenezaji wa mbegu za uzazi. Wengi wanaoitafuta ili waonekane wanaume hawaambiwi hivyo.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafla, kifua kikibana, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, mtu apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kwa bodaboda.

Asiye na dalili aombe kipimo cha hemogramu kamili katika kituo chenye maabara au katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho. Aliyetumia kwa miezi mingi amwone daktari anapotaka kuacha, kwa kuwa mwili huchukua muda kuanza kutengeneza yake tena. Aende na kichupa chenyewe na amwambie mhudumu ukweli wote, kiasi na mara ngapi. Mhudumu anataka kujua hilo ili amtibu, na siri ya mgonjwa hubaki pale kliniki.