Mkate wa bowa, namna ya Testaccio

(Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba na wafadhili, kwenye mkutano wa shirika, Lubumbashi)

Mkate utapita sasa hivi. Mbele ya kula, tuko na maneno juu yake.

Kati yetu wako waliokaa Roma, upande wa Testaccio. Ni mtaa wa watu wa kazi. Kuna kilima pale cha metre karibu 35, na si udongo: ni vigae vya mitungi ya mafuta, iliyovunjwa wakati wa Warumi wa zamani. Karibu yake kulikuwa nyumba kubwa ya kuchinja ng'ombe, iliyofungwa mwaka 1975. Nyama nzuri ilienda kwa watajiri. Matumbo, mkia, mapafu, hivyo njo vilibaki kwa wachinjaji, na watu wa kule wanaviita "robo ya tano". Mpaka leo, mu soko ya Testaccio, ukinunua mkate wa nyama ya kuchemsha, muuzaji anachovya kwanza mkate mu mchuzi wa ile nyama. Mchuzi hautupwi.

Sisi nyama ya kila siku hatuna. Lakini mvua ikianza, ba mama wanapanga bowa mu mabeseni kando ya barabara: ile ya manjano, na ile kubwa ya kwenye kichuguu. Tukasema, tujaribu nayo.

Tunafanya hivi. Bowa tunapangusa mchanga, hatuilowanishi. Miguu migumu tunaichemsha na kitunguu na chumvi, karibu saa moja, mpaka maji yanapata rangi ya chai. Vichwa tunapasua kwa mkono, tunatia mu kikaango cha moto sana, bila mafuta, mpaka vitoe maji yao na maji yakauke. Hapo tu njo mafuta, kitunguu saumu, pilipili kidogo. Kule wanaongeza chikoria, mboga chungu. Sisi tunatia lengalenga iliyokamuliwa, na ndimu. Mkate tunapasua, tunachovya upande wa ndani tu. Ukihesabu mpaka tatu, umechelewa.

Mara ya kwanza tulikosa. Mafuta tulitia mapema, bowa ikachemka tu. Mikate yote tulichovya asubuhi, saa sita ikawa uji. Kati ya 40 tulirudi na 23. Hasara iko mu kitabu cha kasa, wafadhili mnaweza kuisoma.

Hiyo haikutuuma kama maneno. Jirani mmoja alisimama mbele ya mbabula yetu: "Mulienda Bulaya myaka yote ile, munarudia kuuza bowa?" Dada yetu mmoja alivua kitambaa cha kupikia, akaenda. Wiki mbili hatukumwona, hata kwenye kikao. Wengi humu mnajua ile haya, ya kurudia bila valizi kubwa. Tulimfuata kwake. Hatukumhubiria. Tulimwuliza tu moto unapaswa kuwa namna gani, sababu yeye njo alipikaka kule Roma mu nyumba za watu. Alicheka, akasema hata mkaa wetu ni mubaya. Kesho yake alikuja kutuonyesha.

Neno moja hatuchezi nalo: bowa tunanunua kwa ba mama wawili tu, wanaoijua toka utoto. Ingine ikiletwa, hata ikifanana, haiingii mu chungu. Ile yenye sumu kali, kuipika hakuondoi sumu. Wafadhili waliotuuliza kwa nini hatununui ya bei ya chini kwa kila mtu, jibu njo hilo.

Jumamosi tunauza tena. Tunaomba sufuria la pili, la mchuzi peke yake, na mtu wa kuandika hesabu pale pale sokoni, si jioni kwa kukumbuka. Faida itaanza kwa familia iliyofika juzi na inalala bado kwa ndugu.

Dada yetu iko kule nyuma, kwenye moto. Anachovya mmoja mmoja, basi mpokee na mkule palepale.