Kupanda Kutoka Kilindini



Leo twataka kuongea juu ya maji marefu. Pengine mtu atacheka, akisema: hapa Turkana twachimba mchanga wa Turkwel na Tarach tupate maji ya kunywa, habari za vilindi zatuhusu nini? Lakini samaki mkavu aliye sokoni Kakuma ametoka ziwani, na kutoka Lodwar hata Kalokol ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Wavuvi wetu waujua upepo wa kusini-mashariki uvumao usiku hata asubuhi, na waijua mashua iliyotoka isirudi. Ziwa hili, mahali penye kina kirefu, hupita mita 100. Mashua ikizama huko, hakuna aifuataye. Mke na watoto hukaa ufukweni wakitazama maji.

Pwani wako watu waifuatao. Kusini ya Mombasa, karibu na Diani, iko mashua ya uvuvi iitwayo Alpha Funguo, iliyozamishwa kwa makusudi mwanzoni mwa karne hii. Imelala mchangani, kwenye kina cha mita 28 hivi. (Mashua iliyozoea kuwatoa samaki majini, sasa yawapa nyumba, hilo nalo lingetosha mahubiri ya siku nyingine.) Mzamiaji huvaa mtungi wa hewa mgongoni, miwani ya maji usoni, mapezi miguuni, na vipande vya risasi kiunoni ili asielee. Haendi peke yake, yuko mwenzake. Huko chini maji humbana karibu mara nne kuliko hapa juu, na hewa huisha upesi vivyo hivyo: mtungi ambao ungemtosha saa nzima karibu na uso wa maji, kule humtosha robo saa tu.

Tungedhani basi kwamba hatari iko katika kushuka. Sivyo. Kushuka ni kwepesi. Wanaofundisha kazi hii huonya sana juu ya kupanda. Kwa ajili ya kule kubanwa, naitrojeni iliyo katika hewa huingia katika damu na nyama za mwili, ikayeyuka humo bila mtu kujua. Mmekwisha kuona chupa ya soda ikifunguliwa ghafula, jinsi povu linavyofura. Mzamiaji akipanda mbio, damu yake hufanya hivyo hivyo. Viungo huuma, miguu hufa ganzi, wengine hupooza, wengine hufa, nao wameshafika juu kwenye jua. Kwa hiyo hupanda polepole, mita 9 kwa dakika au pungufu, na afikapo mita 5 chini ya uso husimama dakika 3. Mwanga auona. Tumbo la mashua inayomngojea aliona juu ya kichwa chake. Lakini ashika kamba, angoja. Na mwenzake ashika kamba iyo hiyo.

Kina kikizidi, na kungoja kwazidi. Wengi wetu twakumbuka Likoni, tarehe 29 Septemba 2019, gari lenye mama na binti yake lilipoteleza kutoka kwenye feri likazama. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58. Siku zile watu wengi walinung'unika: mbona wazamiaji wanakawia? Uchungu ule ulikuwa wa haki. Lakini mita 58 hazijali haraka ya mtu.

Sasa, makanisani mwetu mna watu waliotoka kilindini. Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, wamekuja kutoka Sudan, Somalia, Kongo, Burundi, kila mmoja na yale aliyoyaona. Na hapa Lodwar yuko mzee aliyekuwa na mbuzi mia, ukame ukawamaliza, leo achoma makaa. Mtu kama huyo afika ibadani, na mara aambiwa asimame ashuhudie, apige makofi, kwa maana Bwana amemtoa. Ni kweli, Bwana amemtoa. Lakini mwili wake u juu, na damu yake ingali na kilindi ndani. Asipoimba, husemwa kwamba hana imani. Sisi hatuoni hivyo.

Tukisoma Ayubu sura ya 2, twawakuta Elifazi, Bildadi na Sofari wameketi chini pamoja na rafiki yao siku saba, wamenyamaza. Wahubiri hupenda kuwalaumu watu hawa, na kweli baadaye walisema mengi yasiyofaa. Lakini siku zile saba walishika kamba.

Yuko mama, kwenu na kwetu pia, akaaye benchi la nyuma karibu na mlango, na wimbo ukianza hafumbui kinywa. Mzee wa kanisa aendaye kuketi kando yake bila kumwuliza neno, huyo yumo katika ibada.

Kipindi kijacho, Mungu akipenda, tutafungua sura ya 3, pale Ayubu mwenyewe anapoanza kusema. Amani ya Bwana iwe nanyi.