Diklofenaki na Figo Zetu Katika Nchi Kavu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Dodoma.)



Sidhani kama wapo wengi miongoni mwetu ambao hawajapata kumeza diklofenaki. Mgongo wa mwalimu aliyesimama ubaoni kutwa, goti la bibi aliyepanda kilima na ndoo kichwani, kiuno cha mkulima baada ya palizi: vyote hutafutiwa kidonge hicho hicho, kinachonunuliwa kwa fedha kidogo na mara nyingi bila kuulizwa swali hata moja.

Nianze na manufaa yake, maana si haki kuitukana dawa iliyowainua wengi vitandani. Diklofenaki ilitoka katika kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi, ikaanza kuuzwa katika miaka ya 1970 kwa jina la Voltaren. Siku hizi viwanda vingi huitengeneza, kwa majina mengi. Huwafaa wenye baridi yabisi, waliopasuliwa, waliong'olewa jino, wenye maumivu makali ya hedhi au ya jiwe la figo. Hutuliza uchungu na kupunguza uvimbe. Chanzo cha ugonjwa hukiacha palepale.

Inafanyaje kazi? Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo huchochea uvimbe na uchungu. Diklofenaki huzuia zisitengenezwe. Taabu ni kwamba prostaglandini zina kazi nyingine njema. Huulinda utando wa ndani wa tumbo usiliwe na asidi, na huiachia damu njia ya kufika kwenye figo wakati mwili umepungukiwa na maji. Anayezizuia kwa ajili ya goti amezizuia na huko pia.

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ya mahali tulipo. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, zikaisha Aprili, na miezi iliyobaki ni vumbi na upepo. Mtu aliyelima juani tangu alfajiri kwa kikombe kimoja cha maji, au aliyeharisha usiku kucha, figo zake huzitegemea prostaglandini kuliko za mtu aliyeketi kivulini. Kumpa diklofenaki saa hiyo ni kuziba mfereji wakati wa kiangazi. Kijana mwenye afya, akiiacha dawa mapema na kunywa maji, mara nyingi figo zake hurudia hali yake. Mzee, au mwenye kisukari, au mwenye shinikizo la damu, huenda asirudi. Hatari huzidi sana kwa anayetumia kaptoprili au losatani pamoja na dawa ya kukojosha, kisha akaongeza diklofenaki juu yake.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na jambo hilo ni la kujivunia. Lakini figo hiyo hutolewa na ndugu aliye hai, na anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji kwenda hospitali mara mbili au tatu kila wiki. Kila mmoja wetu anaijua nauli ya kutoka hapa hadi mjini.

Anayedhani haya ni vitisho vya waganga na awatazame ndege. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa India na Pakistan walikufa kwa mamilioni, wala sababu haikujulikana. Mwaka 2004 watafiti walieleza: ng'ombe walikuwa wakitibiwa kwa diklofenaki, na tumbusi waliokula mizoga yao waliharibika figo. Mwaka 2006 India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Ni kweli kwamba figo za tumbusi huathirika kwa kiasi kidogo sana cha dawa hii, kidogo kuliko kinachomdhuru binadamu. Hata hivyo, sisi watu wa ng'ombe tusiitumie zizini.

Tumbo nalo huonya, ingawa si kila mara. Haja kubwa nyeusi kama lami, au matapishi yenye damu, ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye vidonda vya tumbo asiiguse, na pombe huzidisha madhara. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliizuia kwa wenye ugonjwa wa moyo na waliowahi kupata kiharusi. Mama mjamzito asiimeze bila agizo la daktari, hasa mimba ikifikia miezi mitano na kuendelea. Mwenye pumu aulize kwanza, kwani wapo ambao huwabana kifua.

Kwenu walimu nina ombi. Mtoto mwenye homa shuleni asipewe diklofenaki ya mwalimu kutoka mkobani. Apelekwe kupimwa malaria, na akihitaji kutulizwa ipo parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake.

Kwa mtu mzima aliyeandikiwa, jumla ya siku isizidi miligramu 150, imezwe pamoja na chakula na maji ya kutosha, kwa siku chache. Asichanganye na ibuprofeni wala asprini ya maumivu, maana zote ni za ukoo mmoja. Goti moja likiuma, dawa ya kupaka yatosha mara nyingi, na sehemu ndogo tu huingia katika damu. Maumivu yakipita wiki, hiyo ni kazi ya mganga wa zahanati, naye aonyeshwe vidonge vyote vilivyomo nyumbani, hata vile vya jirani.