Koroboi Chini, Taa ya Sola Juu

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kisumu Ndogo, Kibera. Leo tuzungumze juu ya taa tunayowasha jioni.

Siku moja mama alinijia mbio kliniki akiwa amebeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa akikohoa, mdomo unanuka mafuta taa. Mama alinunua mafuta ya koroboi kwa chupa ya soda, akaiweka sakafuni. Mtoto akadhani ni soda. Jirani akasema, "Mpe maziwa atapike." Nia ilikuwa njema, lakini hapo ndipo hatari iliongezeka. Mafuta taa ni mepesi. Mtoto akitapika, yanaingia mapafuni na kuleta nimonia. Yule mtoto alilazwa, akapona. Si wote hubahatika.

Mama, mtoto akinywa mafuta taa, kumbuka haya:

1. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia.
2. Mvue nguo zilizomwagikiwa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni.
3. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza. Kukohoa, kupumua haraka na kusinzia ni dalili za hatari.

Koroboi pia hutoa moshi na masizi. Katika chumba cha futi 10 kwa 10, mtoto huuvuta hadi mnapolala. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu waache kutumia mafuta taa nyumbani. Na koroboi ikipinduka, moto haubaki nyumba moja, kwa maana nyumba zetu zimeshikana.

Utauliza, "Sista, nifanye nini?" Waya za sambaza nazo zinaua. Taa ndogo ya sola inafaa. Weka paneli juu ya mabati inapopigwa na jua tangu asubuhi. Ifute vumbi. Jioni irudishe ndani, wezi wapo.

Bei je? Tangu mwaka 2012 Wakenya wengi wamenunua sola kwa kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Kabla ya kukubali, uliza: Jumla nitalipa pesa ngapi? Garantii ni ya muda gani? Nikikosa kulipa, taa itajizima? Kisha andika kwa wiki moja pesa unazotumia kwa mafuta ya koroboi na kuchaji simu, ulinganishe.

Lakini taa hiyo haipiki. Kama bado una stovu, weka mafuta taa kwenye mtungi wenye kifuniko kigumu, mahali pa juu. Usitumie chupa ya kinywaji hata siku moja.

Betri ikifa, usiichome wala usimpe mtoto achezee. Irudishe dukani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, uyeyushaji wa betri kuukuu za magari ulieneza sumu ya risasi kwa wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia.

Kabla hujalala leo, inama utazame chini ya meza na kando ya kitanda. Ukikuta mafuta taa kwenye chupa ya soda, yaondoe usiku huu huu, usingoje kesho.